Kumwita kulungu dume: mguno, upepo na wakati wa kunyamaza

Kulungu anayezungumziwa hapa ni yule wa Amerika Kaskazini mwenye mkia mweupe, si pongo wa misitu yetu. Kwa Waswahili wanaoishi Minnesota, Ohio, Kentucky au Ontario ndiye mnyama mkubwa wanayemwona mara nyingi zaidi, na msimu wa kumwinda ukifika maduka hujaza rafu nzima kwa filimbi za kumwitia. Nyingi zinafanya kazi. Mwindaji huharibikiwa kwa sababu nyingine: ameita mahali ambapo upepo unamsaliti, au ameendelea kuita wakati dume amekwisha kusikia na yuko njiani.

Sauti za kujifunza

Mwaka 1988 watafiti Atkeson, Marchinton na Miller wa University of Georgia walieleza aina 12 za sauti za kulungu huyu. Mwindaji anahitaji chache tu.

Ya kwanza ni mguno wa kawaida. Ni mfupi, nusu sekunde hivi, wa chini, na madume kwa majike huutoa wakijulishana walipo. Ukijua sauti moja tu, iwe hii. Haimtishi mnyama yeyote, na hufaa tangu siku ya kwanza ya msimu hadi ya mwisho.

Ya pili ni mguno wa dume anayemfuatia jike. Huu huja kwa mfululizo, miguno mifupi inayofuata mwendo wa miguu: akitembea polepole huguna mara mojamoja, akikimbiza huguna mfululizo, 8 au 10 bila nafasi kubwa kati yake. Dume mwingine akiusikia anaelewa kwamba kuna jike aliye kwenye joto, yaani tayari kupandwa, karibu na ameshapata mfuasi. Wivu ndio unaomleta.

Ya tatu ni mlio wa jike, "meeeh" ya puani ya sekunde moja hivi, mwisho wake ukishuka kidogo. Ya nne ni mfoko wa dume mbabe, ambao hautoki kooni kabisa. Ni hewa tupu inayosukumwa kwa nguvu: mbili au tatu fupi, "fft, fft", kisha moja ndefu ya sekunde mbili, "fffiiiii". Ni tangazo la ugomvi, na kati ya sauti zote ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Dume wa miaka minne au mitano aliyesimama na jike anaweza kuja akiwa amelaza masikio nyuma na manyoya yamemsimama. Dume wa mwaka mmoja na nusu ataondoka na huenda usimwone tena siku hiyo.

Kuna pia mlio wa mtoto aliye hatarini. Unawavuta majike, hasa mapema katika msimu, lakini unavuta pia koyote, mbwa mwitu mdogo wa Amerika, na palipo na dubu unavuta dubu. Anayewinda dume haihitaji.

Sauti ya kuitambua bila kuiiga ni ule mpulizo mkali wa pua, mara nyingi ukitanguliwa na kupiga mguu chini. Hiyo ni tahadhari. Ukiisikia umeshagunduliwa, na hakuna filimbi itakayorekebisha hali.

Filimbi na namna ya kuipuliza

Filimbi ya mguno ni bomba la plastiki au mti lenye ulimi mwembamba wa plastiki ndani, mbele yake kukiwa na mpira wenye mikunjo unaorefuka na kufupika. Ulimi unatetemeka juu ya kitako chake na kutoa sauti. Filimbi nyingi zina kipete cha mpira kinachobana ulimi huo. Ukikisogeza ili sehemu inayotetemeka iwe fupi, sauti hupanda na kufanana na ya jike au mtoto. Sehemu ikiwa ndefu, sauti hushuka na kuwa ya dume. Wanunuzi wapya hukisukuma hadi mwisho kabisa wapate sauti ya dume mkubwa kuliko wote msituni. Hilo ni kosa. Madume wengi wanaopita mbele yako ni wadogo kuliko huyo unayemwiga, na hawataki kukutana naye. Weka sauti ya kati, ya dume wa miaka miwili hivi, ambaye kila mkubwa anaamini anaweza kumfukuza.

Hewa itoke kifuani, si mashavuni. Puliza kama unayetaka kuleta ukungu kwenye kioo, huku ukitamka "hut" au "gut" ndani ya filimbi; ile "t" ya mwisho ndiyo inayokata sauti ghafla, na mguno wa kweli hukatika ghafla. Ukipuliza kwa mashavu sauti itatoka nyembamba na ndefu, na ikizidi kidogo ulimi utapiga kelele ya bata. Ziba mdomo wa mpira kwa kiganja na ukifungue kidogo ili kupunguza au kuongeza sauti. Kugeuza mpira kushoto na kulia wakati wa mfululizo kunamfanya msikilizaji aamini kwamba mnyama anatembea.

Matatizo ya chombo hiki ni mawili. Moja ni uchafu: chembe ya mkate au jani ikiingia chini ya ulimi, filimbi inakuwa bubu au inatoa mlio wa juu usiotarajiwa. Suuza mdomo kwa maji kabla ya kupanda ulingoni, na beba filimbi mdomo wake ukiwa umefunikwa. La pili ni baridi. Unyevu wa pumzi huganda juu ya ulimi halijoto ikishuka chini ya sifuri, na utagundua hilo dume akiwa anaondoka. Vaa filimbi ndani ya koti, karibu na kifua, na kila baada ya kuita ikung'ute mdomo ukielekea chini. Zipo filimbi zinazopigwa kwa kuvuta hewa ndani badala ya kupuliza. Hizo haziathiriki sana na baridi, ila zinahitaji mazoezi zaidi.

Kwa mlio wa jike watu wengi hutumia kikopo kinachopinduliwa: unaziba tundu kwa kidole, unakipindua, uzito wa ndani unashuka na kusukuma hewa kwenye ulimi. Ni rahisi, na kinatoa sauti ileile kila mara, jambo ambalo ni faida na hasara kwa pamoja. Kidole kikiteleza kwenye tundu sauti hukatika katikati, kwa hiyo vua glavu ya mkono huo kwanza.

Kuita kwa mdomo mtupu

Sauti zote nne zinaweza kutolewa bila chombo, na kuna sababu nzuri ya kujifunza: mikono inabaki kwenye upinde au bunduki.

Mfoko ndio rahisi. Kutanisha meno, sogeza ulimi nyuma yake, sukuma hewa kutoka tumboni mara mbili kwa ukali, kisha iachie ndefu huku midomo ikibana polepole ili sauti ipande kidogo. Usitumie koo hata kidogo.

Mguno unataka koo lililolegea. Shusha ulimi, karibu ufunge midomo, na utoe "ehk" fupi ya chini, ikiwa na mikwaruzo na si laini kama ya mwimbaji. Kunja kiganja mbele ya mdomo. Bila kiganja sauti ya binadamu hutambulika kwa uwazi wake. Mlio wa jike utoe puani zaidi kuliko mdomoni.

Jirekodi kwa simu iliyowekwa hatua 50 kutoka ulipo, kisha sikiliza. Sauti unayoisikia ndani ya kichwa chako ni nene kuliko ile inayofika kule. Mazoezi fanyia ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, si msituni utakakowinda.

Kalenda

Jike hupata joto kutokana na kufupika kwa mchana, si kwa sababu ya baridi, ndiyo maana tarehe hazihami sana mwaka hadi mwaka mahali pamoja. Katika majimbo ya kaskazini, Wisconsin, Michigan, Iowa, Ohio, Pennsylvania na jirani zake, kilele cha kupandana ni karibu katikati ya Novemba. Kusini mwa Texas ni Desemba, na sehemu kubwa ya Alabama ni Januari. Anayehamia jimbo jipya na kufuata kalenda ya jimbo alilotoka atalaumu filimbi bure.

Kwa kaskazini, Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba tumia miguno ya kawaida tu, michache na ya chini. Siku 10 za mwisho za Oktoba hadi karibu tarehe 10 Novemba ndizo bora kupita zote: madume wamechangamka, wanatafuta, na majike walio tayari bado ni wachache. Hapo mlio wa jike, mguno wa kufuatia na hata kugonganisha pembe vyote vina nafasi. Kisha inakuja wiki moja au zaidi ambayo madume wakubwa wamejifungia na majike vichakani, na kuita kwa kubahatisha kunaleta vijana tu. Dume aliye na jike huwa haondoki kufuata jike asiyemwona. Ni mfoko pekee unaoweza kumgombanisha na wewe. Jike asiposhika mimba hurudia joto baada ya siku 28 hivi, kwa hiyo katikati ya Desemba huwa na mwamko mdogo, wakati wawindaji wengi wamesharudi nyumbani.

Upepo na mahali pa kukaa

Dume anayeitikia mlio huwa haji moja kwa moja. Anazunguka hadi awe demani, yaani upande ambako upepo unapeleka harufu ya yule aliyeita, anusie ni nani kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo kila unapochagua pa kukaa, uliza kwanza: akizunguka, atapita wapi? Jibu likiwa "nyuma yangu kwenye kichaka nisikoona", usiite mahali hapo.

Ufumbuzi ni kuufanya upande wa demani uwe ama umefungwa au umefunguka. Umefungwa maana yake mto wenye kina, mteremko mkali, uzio mrefu. Mnyama hapiti huko. Umefunguka maana yake uwanja ambao akiuvuka utamwona kabla hajafika kwenye mkondo wa harufu yako. Wakiwa wawili, anayeita akae joshini, yaani upande upepo unakotoka, hatua 30 hadi 40 kutoka kwa mpigaji, ili dume akizunguka kumnusa mwitaji apite mbele ya mpigaji. Hakikisheni kila mmoja anajua mwenzake alipo na upande ambao haupigwi kamwe.

Sharti la pili halisemwi vya kutosha. Masikio ya kulungu hugeuka kila moja peke yake, na hujua kwa usahihi mkubwa sauti imetoka wapi. Akifika mahali anapoweza kuona pale sauti ilipotokea na asione kulungu, husimama. Atasimama mita 80 kutoka kwako robo saa, kisha ataondoka. Ulingo ulio pembeni mwa shamba lililovunwa ni mzuri kwa macho yako lakini mbaya kwa kuita. Chagua mahali ambapo ukingo, kichaka au mgongo wa kilima unamficha mwitaji hadi dume awe ndani ya umbali wako wa kupiga: mita 25 kwa upinde, mbali zaidi kwa bunduki. Ukiwa ulingoni, elekeza mpira wa filimbi nyuma, kwenye msitu mnene, si kwake.

Dume unayemwona

Hapa ndipo filimbi inapolipa. Dume anapita mita 120 kutoka kwako na hana mpango wa kuja. Usiite anapokutazama. Ngoja ageuze kichwa, ainame kula au apite nyuma ya mti, kisha toa mguno mmoja wa chini. Mtazame. Akisimama, akigeuza sikio au akitikisa mkia, amesikia; nyamaza. Asipoonyesha dalili yoyote hajasikia: rudia kwa sauti ya juu kidogo, kisha ya juu zaidi. Upepo mkali na majani makavu chini ya miguu yake humeza mguno kabisa, na wengi huhesabu kwamba dume amepuuza wakati ukweli ni kwamba hakusikia kitu.

Akianza kuja, filimbi irudi kifuani. Kila mguno wa ziada unampa nafasi nyingine ya kupima ulipo. Akisimama njiani na kutazama, mwache. Mara nyingi ataendelea mwenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Akigeuka na kuondoka, hapo ndipo pa kuguna tena, wakati mgongo umekuelekea. Amekataa mguno mara mbili na umbo lake linaonyesha ni mkubwa, shingo nene, tumbo limejaa? Jaribu mfoko mmoja. Huna cha kupoteza, kwa kuwa tayari anaondoka.

Kuita bila kuona mnyama

Asubuhi, baada ya kutulia ulingoni dakika 20 au 30, angalia pande zote kwanza, kisha anza na miguno mitatu ya kawaida ya chini kabisa, kwani huenda yupo mita 40 na hujamwona. Tulia dakika moja. Ikiwa ni kipindi cha Novemba, ongeza milio miwili ya jike, nyamaza nusu dakika, halafu mfululizo wa miguno ya kufuatia huku ukigeuza mpira. Baada ya hapo hakuna kugusa filimbi kwa nusu saa. Madume wengine huja kimya dakika 20 baadaye, wakati mwindaji amekwisha kufungua chai.

Kugonganisha pembe kunaongeza nguvu kwenye ratiba hiyo. Utafiti wa Mickey Hellickson na wenzake kusini mwa Texas katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kelele kubwa ilivuta madume wengi kuliko kelele ndogo. Dakika moja hadi moja na nusu inatosha: gonga kwa nguvu, sokota, kwaruza shina la mti, maliza na miguno miwili. Katika misitu yenye wawindaji wengi na madume wachache matokeo ni hafifu, na ukweli huo wauzaji hawauandiki kwenye boksi.

Usirudie ratiba ileile ulingo uleule siku tatu mfululizo. Majike wa eneo hilo wataanza kutazama juu ya mti.

Sheria na usalama

Anayeita anajigeuza kulungu masikioni mwa kila mwindaji aliye karibu. Kaa umeegemeza mgongo mti mpana kuliko mabega yako, usivae wala kutikisa kitu cheupe au cha kahawia, na usimnyemelee kamwe mnyama unayemsikia akiguna; huenda ni mtu. Ukimwona mwindaji mwingine anakaribia, sema kwa sauti ya kibinadamu, usipunge mkono. Wakati wa bunduki majimbo mengi yanadai nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa: Pennsylvania inchi za mraba 250, Colorado 500. Pembe za kugonganisha zifunge utepe wa rangi hiyo ukizibeba.

Soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako kila mwaka. Majimbo kadhaa yanakataza milio ya kulungu inayotolewa na spika ya simu au kifaa cha umeme. Wengi hupenda kuoanisha mlio wa jike na mkojo wa jike unaouzwa kwenye chupa. Virginia na Vermont zinaukataza kwa hofu ya ugonjwa sugu wa kukondesha kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Na aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo, ajue kwamba sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kuwa na bunduki. Leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya mambo yanayomwondoa kwenye katazo hilo, kwa hiyo leseni itangulie.

Kumsimamisha

Mlio wa mwisho ni wa mdomo. Dume amefika lakini anatembea haraka, na mnyama anayetembea hapigwi kwa upinde. Vuta upinde kwanza, kichwa chake kikiwa nyuma ya mti. Chagua uwazi mbele yake, na mabega yake yanapouingia toa "meh" moja fupi. Atasimama na kukutazama wewe, ndiyo maana upinde lazima uwe umeshavutwa. Ikiwa "meh" imezidi uoga hatasikia. Ikizidi ukali ataruka.

Kulungu aliyesimama kwa kushtuka hujikunja chini ili aruke mara anaposikia kamba ya upinde, na mshale hupita juu ya mgongo. Kwa umbali wa mita 15 hana muda huo. Kufikia mita 30 anao wa kutosha, kwa hiyo lenga theluthi ya chini ya kifua, au, akiwa anatembea polepole na utulivu, usimwite kabisa. Ngoja asimame mwenyewe.